Sura ya Saba: Tenda Wema, Usiende Zako

Usiku wa Januari katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, hukaribia saa 15. Baridi ikikaza, kipimajoto hushuka hadi nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, na kuna usiku hupita hapo. Ndani ya tundu la mti uliooza amelala ndege mmoja aitwaye chikadi, peke yake, manyoya ameyatutumua mpaka shingo haionekani. Uzito wake ni gramu 11 hivi, kama karatasi mbili za kuchapia za A4. Mchana mwili wake huwa na joto la nyuzi 42. Ukipiga hesabu, baina ya mwili huo na hewa ya nje pana tofauti ya nyuzi 67, na kinachotenganisha ni tabaka la manyoya tu.

Kinachomvusha usiku huo ni mafuta aliyoyaweka mwilini mchana uleule. Chikadi hawezi kujinenepesha kwa wiki nzima akakaa akistarehe, kwa maana ndege mzito hachomoki upesi mwewe anapomvamia. Kwa hiyo kila siku hula, huweka akiba ndogo, na usiku huiunguza kwa kutetemesha misuli ya kifua hadi alfajiri. Ili akiba isimwishie kabla hakujakucha, hulishusha joto la mwili wake kwa nyuzi 10 hadi 12, akalala nusu-baridi. Kukicha, akiba imekwisha au imebaki kidogo, na lazima apate chakula mara moja. Jioni moja akilala na upungufu, haamki.

Hapo ndipo inapoingia desturi ya kutundika shahamu nyuma ya nyumba. Kuanzia Minnesota hadi Uskoti, majira ya baridi yakifika, mamilioni ya watu hutoa kipande cha mafuta ya ng'ombe wakakining'iniza mtini kwa ajili ya ndege wa mwituni wasio na mwenyewe. Ni wema mdogo, wa bei ndogo. Lakini ukiufuatilia kwa karibu utaona una uzito kuliko anavyodhani yule anayeutenda.

Mafuta ya figo

Aliyewahi kusimama buchani anayajua mafuta haya. Ni yale meupe, makavu, yanayozunguka figo za ng'ombe au kondoo, ambayo ukiyabana kwa vidole humeguka badala ya kuteleza. Buchani kwetu mara nyingi huchanganywa kwenye kilo ya nyama, na mnunuzi hunung'unika. Ulaya na Amerika Kaskazini wachinjaji wa zamani waliwapa wateja bure. Leo huuzwa, na karibu nayo huuzwa vipande vya mraba vilivyotengenezwa kiwandani, vimechanganywa na mbegu, karanga na unga wa mahindi.

Shahamu ina sifa tatu zinazoifaa kazi hii. Kwanza, gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9 hivi, ilhali gramu moja ya wanga au protini hutoa 4. Kwa ndege mwenye mchana wa saa 9 tu wa kutafuta riziki, kila donoo moja la shahamu huokoa madonoo mengi ya chakula kingine. Pili, haina maji mengi ndani yake, kwa hiyo baridi haiigeuzi kuwa jiwe la barafu. Hubaki kitu kinachodonoleka. Tatu, mafuta ya figo ni magumu kuliko mafuta ya sehemu nyingine za mwili na huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40, kwa hiyo jua dogo la majira ya baridi haliyatiririshi.

Mtu anaweza kuuliza: ndege na mafuta ya ng'ombe wapi na wapi? Jibu ni kwamba ndege hawa waliyajua mafuta kabla ya binadamu kuwatundikia. Mbwamwitu wakiua mnyama porini, chikadi, vigogota na kunguru wa misitu ya kaskazini huja kudonoa mafuta yaliyobaki kwenye mbavu. Tena ndege wengi wanaokuja kwenye shahamu ni walaji wa wadudu. Majira ya joto wanakula viwavi, buibui na mabuu yaliyojaa mafuta. Theluji ikianguka, wadudu hao hujificha chini ya magome au hufa, na kilichobaki ni mayai yao na mabuu machache yaliyofichama ndani ya mbao. Mlaji wa mbegu atapata mbegu. Mlaji wa wadudu ndiye mwenye njaa, na shahamu ndiyo inayokaribia zaidi kile alichokikosa.

Wanaofika mezani

Kilishio cha kawaida cha shahamu ni kizimba cha waya chenye upana wa sentimita 12 hivi, kinachofunguka juu kikapokea kipande kimoja. Kitundike kwenye tawi, karibu na shina, kisha ukae nyuma ya kioo utazame.

Chikadi ndiye hufika mapema. Hashibi palepale. Huchukua chembe, akaruka hadi kwenye tawi la jirani, akaibana kwa miguu akaila, kisha akarudi. Akipata mbegu badala ya mafuta, mara nyingi huenda kuificha kwenye ufa wa gome, moja hapa, nyingine pale, mpaka maelfu kwa msimu. Kinachoshangaza ni kwamba huyakumbuka maficho hayo. Watafiti wamegundua kwamba sehemu ya ubongo wake inayoshughulikia kumbukumbu za mahali hupanuka wakati wa vuli, anapoanza kuweka akiba.

Baada yake huja kigogota mdogo kuliko wote Amerika Kaskazini, mweusi na mweupe, mwenye gramu 25 hivi. Dume lina doa jekundu kisogoni, jike halina. Huyu hakai juu ya kizimba bali hukishika kwa ubavu, mkia wake mgumu ukiwa umekita kwenye mbao kama mguu wa tatu, na hudonoa kwa mapigo mafupi, sawasawa na anavyotoboa mti mkavu. Akitulia hapo anaweza kukaa dakika nyingi, akidonoa na kupumzika. Anayemfuata ni nathachi, ndege wa kijivu asiyejali juu ni wapi na chini ni wapi: huteremka shina kichwa kikitangulia, akafika kwenye shahamu akiwa kichwachini, akamega kipande kizima na kwenda kukisukumiza ndani ya ufa wa gome.

Kisha huingia kwezi wa Ulaya, na amani huisha. Ndege huyu hakuwa wa Marekani. Mwaka 1890 mtu mmoja aitwaye Eugene Schieffelin aliachilia kwezi 60 hivi katika bustani ya Central Park, New York, na mwaka uliofuata akaongeza wengine 40. Walizaliana, na leo wamo bara zima kwa makumi ya mamilioni, wakiwapokonya vigogota na ndege wengine matundu ya kutagia. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka hiyohiyo ya 1890, ili wasafishe taka, na leo wanakula mayai na makinda ya ndege wengine kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam.

Kundi la kwezi likitua linaweza kumaliza kipande kizima kabla ya saa sita mchana. Dawa yake ni rahisi na ni ya kiakili. Kuna kizimba chenye paa na kuta za mbao, kilicho wazi upande wa chini peke yake. Anayetaka shahamu lazima aning'inie. Kigogota, chikadi na nathachi hawana shida na mkao huo. Ndio maisha yao ya kila siku. Kwezi ameumbwa kutembea ardhini. Hujaribu, hupapatika kidogo, huchoka na kwenda zake.

Kutoka mganda wa nafaka hadi malai ya chupa

Kulisha ndege wakati wa theluji si desturi ya jana. Katika nchi za Skandinavia, tangu zamani wakulima walifunga mganda wa nafaka na kuusimamisha nje wakati wa Krismasi ili ndege nao wapate fungu lao. Uingereza, mwaka 1825, mwenye shamba mmoja wa Shropshire aitwaye John Freeman Dovaston alijitengenezea kifaa maalumu cha kulishia ndege karibu na dirisha lake. Ila umma wenyewe uliamka katika baridi kali ya 1890 na 1891, magazeti ya nchi yalipowahimiza wasomaji kutoa makombo ya mezani kwa ndege waliokuwa wakifa kwa njaa.

Aliyeipa shahamu heshima yake ni Mjerumani, Hans von Berlepsch, mwenye ardhi huko Seebach, Thuringia. Mwanzoni mwa karne ya 20 njia yake ya kulinda ndege ilikuwa imesifika nje ya Ujerumani. Alichukua mkate mkavu uliosagwa, nyama kavu iliyosagwa, mbegu za bangi, mtama, oti, mbegu za alizeti, matunda madogo yaliyokaushwa na hata mayai ya sisimizi, akavichanganya. Kisha aliyeyusha mafuta ya ng'ombe au kondoo, akatia mchanganyiko ule ndani, na ungali moto akaumimina kwa upawa juu ya matawi ya msonobari. Mafuta yaliganda papo hapo kwenye vitawi. Mti mzima ukawa chakula, na ndege waliupanda kama walivyoupanda mti mwingine wowote, wakitafuta kwenye kila kona. Vipande vya mraba vinavyouzwa madukani leo vimetokana na wazo lilelile.

Wakati mwingine ndege hawakungoja kupewa. Mwaka 1921, huko Swaythling karibu na Southampton, watu waliona jamaa wadogo wa chikadi, wale wenye utosi wa buluu na kifua cha manjano, wakitoboa vifuniko vya chupa za maziwa zilizoachwa milangoni asubuhi. Hawakuyataka maziwa, walitaka malai yaliyokusanyika juu, yaani mafuta. Ujanja ukaenea. Mwaka 1949 wanasayansi James Fisher na Robert Hinde walichapisha kumbukumbu zilizokusanywa kote nchini, zikionyesha tabia hiyo ilivyosambaa mji hadi mji. Ndege mmoja aligundua, jirani akaona, naye akafanya. Baadaye maziwa yasiyo na malai juu yalipoingia majumbani na wachuuzi wa maziwa wakapungua, wizi huo nao ulififia.

Siku hizi shughuli hii imekuwa biashara kubwa. Nchini Marekani peke yake wanaolisha ndege karibu na makazi yao ni zaidi ya watu milioni 50, na kuna viwanda ambavyo kazi yao ni kutengeneza chakula chao.

Je, inawasaidia kweli?

Swali hili lilijibiwa kwa makini na watafiti wawili wa jimbo la Wisconsin, Margaret Brittingham na Stanley Temple. Waliwafuatilia chikadi waliopewa chakula cha ziada na wengine ambao hawakupewa. Mwaka 1988 walitoa matokeo: katika waliopewa, asilimia 69 waliuvuka msimu wa baridi, katika wasiopewa, asilimia 37. Tofauti hiyo haikutokana na kila siku ya msimu. Ilijitokeza katika miezi ya baridi kali mno, siku nyingi joto liliposhuka chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Siku nyingine zote makundi yote mawili yalijimudu.

Watu wengine walikuwa na hofu ya kinyume: ndege akizoea kupewa, siku mtoaji akihama au akifa, si atakufa naye? Mwaka 1992 watafiti haohao walijibu. Walichukua mahali ambapo chikadi walikuwa wamelishwa kwa zaidi ya miaka 25, wakaondoa vilishio, wakalinganisha na mahali ambapo ndege hawakuwahi kulishwa. Hawakuona tofauti yoyote ya kufa na kupona. Chikadi waliokuwa wakipewa hawakusahau kujitafutia. Hata wakati wa neema, sehemu kubwa ya chakula chao walikuwa wakiitoa porini. Kwa hiyo anayekwenda likizo wiki mbili asilale na wasiwasi.

Lakini habari njema haziishii kuwa njema. Huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, watafiti waliwalisha wale ndege wenye utosi wa buluu kwa misimu kadhaa ya baridi katika misitu. Kundi moja lilipewa mafuta matupu, jingine mafuta yaliyotiwa vitamini E, jingine halikupewa kitu. Walipofika majira ya kuchipua na kutaga, waliolishwa walipata makinda madogo zaidi, na wengi zaidi miongoni mwa makinda hayo walikufa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mafuta hushibisha bila kujenga. Nyingine ni kwamba ndege dhaifu ambao wangekufa katika baridi huvuka, lakini huvuka bila nguvu ya kulea. Kwa vyovyote, kilichookoa Januari kilidai fidia mwezi Mei.

Ndege aliyebadili njia

Mfano mkubwa kuliko wote wa jinsi kulisha kunavyobadili maisha ya ndege unatoka kwa ndege mdogo wa kijivu, mwimbaji hodari, ambaye dume lake lina utosi mweusi na jike utosi wa rangi ya kahawia. Tumwite utosi-mweusi. Huzaliana Ulaya karibu yote, na majira ya baridi huhama. Wale wa mashariki ya Ulaya huja hata kwetu: misitu na bustani za nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania huwapokea kila mwaka, na husikika kwenye vichaka kabla ya kuonekana. Wale wa Ujerumani na Austria, kwa kawaida, hushika njia ya kusini-magharibi kwenda Hispania na nchi za jirani.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 Waingereza walianza kuona kitu kipya. Utosi-mweusi, ambaye zamani walimjua kama mgeni wa majira ya joto, alikuwa akionekana kwa wingi bustanini mwao mwezi Desemba na Januari, akila shahamu na kuwafukuza wengine mezani. Hawakuwa wale waliozaliwa Uingereza wakashindwa kuondoka. Walitoka Ulaya ya kati, na badala ya kwenda Hispania walikuwa wamegeukia kaskazini-magharibi.

Mwanasayansi wa Kijerumani Peter Berthold aliwakamata baadhi yao, akawazalisha vizuizini, kisha akawachunguza makinda yao wakati wa kuhama ulipowadia. Makinda hayo hayakuwahi kuiona Uingereza, wala hayakuwa na wazazi wa kuyaongoza, lakini yalielekea kaskazini-magharibi kama wazazi wao. Mwelekeo ulikuwa umerithiwa. Berthold na wenzake walitangaza hilo mwaka 1992. Zamani ndege aliyezaliwa na mwelekeo wa makosa kama huo angefikia nchi yenye theluji na kufa, na mwelekeo wake ungekufa naye. Sasa akifika hukuta baridi iliyopungua na kizimba cha shahamu. Anapona, na kwa kuwa Uingereza ni karibu kuliko Hispania, hurudi mapema kwenye misitu ya kuzaliana, akachagua mahali pazuri na kuoana na wenzake waliorudi mapema kama yeye. Wengine wamepima wakakuta kundi hili limeanza kutofautiana na wenzao kwa umbo la mabawa na la mdomo.

Fikiri maana yake. Akina mama na akina baba wa Uingereza waliokuwa wakitundika mafuta ili kuona ndege wakati wa kunywa chai, bila kujua, waliifanya ajali ya kuzaliwa iwe njia ya kuhamia. Miongo michache tu imetosha.

Wema unaodai usimamizi

Wahenga wetu walituambia tutende wema twende zetu, maana yake tusingoje shukrani. Katika kulisha ndege, nusu ya kwanza inafaa na nusu ya pili inaua. Anayetundika shahamu akaenda zake huacha nyuma yake mambo manne.

La kwanza ni ugonjwa. Porini ndege hula wakiwa wametawanyika. Kilishio huwakusanya mahali pamoja, wakigusana midomo na kukanyaga kinyesi cha wenzao. Mwaka 1994, mashariki mwa Marekani karibu na Washington, chiriku wa nyumbani walianza kuonekana macho yamevimba na kufumba. Bakteria aliyewashika alijulikana kabla ya hapo kama adui wa kuku. Ndani ya miaka michache ugonjwa ulienea nusu ya bara. Uingereza, kuanzia mwaka 2005, kimelea cha koo kinachowapata njiwa kiliingia kwa chiriku wa kijani, na idadi yao ikaporomoka kwa zaidi ya nusu.

La pili ni kioo. Ndege haoni kioo. Huona miti na mbingu zilizomo ndani yake. Kilishio kikiwekwa mita tano au sita kutoka dirishani, ndege aliyeshtuka hufika kwenye kioo akiwa na mwendo wa kutosha kujiua. Kikiwekwa chini ya mita moja, hana nafasi ya kuchanganya mwendo. Alama zilizobandikwa kioo chote, zikiachana sentimita tano hivi, hufanya kazi. Picha moja ya mwewe katikati haitoshi.

La tatu ni neti. Madukani kuna mipira ya mafuta iliyofungwa kwenye neti laini ya plastiki. Ndege hunaswa kucha na hata ulimi. Ukinunua mipira hiyo, kata neti uitupe, kisha mipira yenyewe uitie kwenye kizimba cha waya.

La nne ni wageni wasioalikwa. Rakuni na kuchakuro ni kero tu. Dubu ni hatari. Dubu mweusi anapoamka majira ya kuchipua akiwa na njaa, kizimba cha shahamu humfundisha kwamba nyumba ya mtu ina chakula, na dubu aliyefundishwa hivyo mara nyingi huishia kupigwa risasi. Ndiyo maana katika majimbo kama Vermont wakaazi huombwa kuteremsha vilishio baridi inapokwisha.

Namna ya kuitengeneza

Wasomaji wa Kiswahili walioko Minneapolis, Toronto au Oslo wanaweza kufanya kazi hii jikoni kwao kwa gharama ndogo. Mwombe mchinjaji mafuta ya figo za ng'ombe au kondoo, nusu kilo yatosha kuanza. Yakate vipande vidogo au uyasage, uyaweke kwenye sufuria nzito juu ya moto mdogo. Usiondoke jikoni, mafuta yakipata moto mkali hushika moto. Yakishayeyuka, yachuje kwa kitambaa ili nyuzi za nyama zibaki juu, kwa kuwa nyuzi hizo ndizo zinazooza. Yaache yagande, kisha uyayeyushe na kuyachuja mara ya pili. Mara hii ya pili ndiyo inayofanya kipande kiwe kigumu na kikae muda mrefu.

Kwa vikombe viwili vya shahamu iliyoyeyuka, tia kikombe kimoja cha siagi ya karanga isiyo na chumvi, vikombe viwili vya unga wa mahindi na kikombe kimoja cha oti. Koroga, mimina kwenye chombo cha plastiki chenye ukubwa wa kizimba chako, weka kwenye friza. Karanga ziwe za kuliwa na watu, safi. Karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu, na sumu hiyo huwaua ndege kama inavyowadhuru watu. Mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga nyama yasitumike hata kidogo, kwa sababu yana chumvi na viungo, na hubaki laini yakawapaka ndege manyoya. Manyoya yaliyopakwa mafuta hayazuii maji wala baridi.

Kwa sababu hiyohiyo, joto la mchana likianza kulainisha kipande, kiondoe. Ndege anayeatamia akiwa na mafuta kifuani huyahamishia kwenye mayai, na yai lililozibwa vitundu vyake halipumui. Majira ya kuchipua yakifika, shahamu imemaliza kazi yake.

Aliye Tanga, Kisumu au Bujumbura asitundike shahamu. Huku hakuna usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri, mafuta yataharibika ndani ya siku chache, na wa kwanza kufika atakuwa kunguru. Ndege wetu wanahitaji beseni la maji kina cha vidole viwili, linalobadilishwa kila siku, na miti ya asili yenye matunda na wadudu ambayo haijakatwa.

Kwa aliye kwenye theluji, nunua kizimba cha waya, si neti. Kiweke karibu kabisa na dirisha, au mbali nalo zaidi ya mita kumi. Kila wiki mbili kitoe, kisugue kwa maji ya moto na sabuni, kisha kwa dawa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, ukisuuze na kukianika mpaka kikauke. Ukiona ndege aliyevimba macho au anayejikunja bila kuruka, ondoa kila kitu kwa wiki mbili ili watawanyike. Na kama huna nafasi ya kuosha, basi usitundike, chikadi atajitafutia.